Kompyuta inajuaje samaki wanataka maji kiasi gani?

SWALI: Mhariri, nasikia wataalamu wa mito wanatengeneza modeli kwenye kompyuta ndo wanajua maji kiasi gani yaachiwe chini ya bwawa samaki wasife. Sasa mbona wasihesabu tu samaki wenyewe?

JIBU: Ndugu msomaji, kuhesabu wanahesabu na ni lazima, ila hesabu inakupa samaki waliopo leo kwa maji ya leo, haikwambii itakuwaje maji yakikatwa nusu. Hapo ndo modeli inahitajika. Inayojulikana zaidi ni PHABSIM, programu ya kompyuta iliyoanzia Marekani miaka ya 1970.

Watu wanaingia mtoni wanapima kina, kasi ya maji, na chini kukoje, matope, mchanga, changarawe au mawe. Halafu mto unagawanywa vipande vidogo na kila kipande kinapewa alama za kina, kasi na chini yake, kuanzia 0 (hapafai) hadi 1 (panafaa kabisa), kutegemea samaki gani unamuulizia. Mfano kipande cha mita 10 za mraba, kina kimepata 0.8, kasi 0.5, changarawe 1, ukizidisha unapata 0.4, kwa hiyo kwa huyo samaki hapo pana mita 4 za mraba tu za maana. Unajumlisha vipande vyote, unarudia kwa maji machache, ya kati, mengi, unachora grafu. Mara nyingi grafu inapanda halafu inashuka, kwa sababu maji yakizidi kasi inakuwa kubwa mno na samaki anachoka kushindana nayo. Na vifaranga wengi wanataka maji ya kina kifupi yanayotembea taratibu pembeni wakati wakubwa wanataka kina, kwa hiyo ukichagua kiasi kwa kuangalia wakubwa peke yao unaweza kuwafukuza watoto wao bila kujua, na hili linaniuma maana linasahaulika sana.

Sasa tahadhari. Zile mita sio idadi ya samaki! Sehemu inaweza kuwa nzuri kwenye grafu na samaki hawapo, maji ya moto, oksijeni ndogo, chakula hakuna, au wameshavuliwa wote. Halafu alama zenyewe zinatoka wapi? Kuna watu wanaazima za mto mwingine kabisa, wenye samaki wa saizi nyingine na maadui wengine, wanaziingiza tu na kompyuta inatoa majibu yenye desimali nzuri nzuri. Mi naona hapo ndo penye hatari kubwa kuliko programu yenyewe. Wakija kuwaonyesha grafu ya mto wenu waulizeni alama walizipata mto gani, za samaki wa umri gani, na kama kuna mtu alirudi mtoni kuangalia kama samaki kweli wanakaa pale modeli iliposema.