Barua kwa mwanangu wa Kangemi: usiguse nyama kwanza

Mwanangu,

Jumapili ukinisindikiza stegi uliniuliza swali, nikashindwa kulijibu kwa sababu matatu ilikuwa imejaa na makanga ameshaanza kugonga bodi. "Mama, nimwachishe nani kazi, au nipunguze nyama kwenye sahani?" Ukasema hoteli yako ya chakula inauza kama shilingi 9,000 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, na bado tarehe ya kodi ya pango ikifika unakopa kwa simu. Usiku ule usingizi ulinipaa. Nimeona nikuandikie, maana kwa simu utanikatiza.

Usimwachishe mtu, na nyama usiiguse. Nimewapikia watu wa Industrial Area hapa Nairobi miaka 23, na mteja wa kule huhesabu vipande kabla hajavuta kiti. Ukipunguza kimoja, leo atanyamaza. Kesho utamwona kwa jirani, akikusalimia kwa adabu kabisa. Punguza pale mteja hapaoni, na kwako mahali hapo ni jikoni.

Unakumbuka Alhamisi nilipokuja, nikaketi karibu na mlango wa jikoni ukadhani nasoma simu? Nilikuwa nahesabu madonge. Kijana wako wa chapati ni fundi, sikatai, chapati zake zinachambuka. Lakini anakata donge kwa jicho. Pakiti ya kwanza ya unga, ya kilo 2, ilitoa chapati 20. Ya pili 21. Ya tatu, akipiga hadithi na mtu wa bodaboda dirishani, 19. Mimi pakiti hiyohiyo ilinitolea 24 miaka yote hiyo, na wale wabeba mizigo wa viwandani hawakunilalamikia. Haya, hesabu nami. Chapati 4 zinazopotea kila pakiti, kwa shilingi 20 ni 80. Unapika pakiti 5 kwa siku, hiyo ni 400. Kwa siku 26 ni 10,400. Kama zote hazitanunuliwa, basi kuna unga ambao hutaununua. Mshahara uliokuwa unautafuta kwa yule msichana wa vyombo, sehemu yake kubwa imekaa ndani ya madonge.

Nunua mizani ndogo ya jikoni. Apime donge la kwanza, mengine yafuate saizi hiyo. Na usimgombeze, hakuna aliyewahi kumpa kipimo. Hata mimi sikujua mpaka siku moja unga uliniishia saa tano na foleni iko nje.

Halafu maharagwe. Yalikuwa jikoni tangu saa moja asubuhi, sufuria haina kifuniko, makaa yanaongezwa kila mara, na saa tano bado yanagonga meno. Loweka usiku, mahindi ya githeri vilevile. Huyo msichana wa vyombo jioni hana kazi nyingi, achambue na kuloweka kabla ya kwenda nyumbani. Asubuhi mwaga maji yale, funika sufuria, utaona makaa yalivyokuwa yakikuibia. Jiko lako lile la bati tupu mpe mtu wa vyuma vikuukuu. Nenda Kamukunji kwa mafundi wa jua kali ununue lenye udongo ndani. Majiko hayo yapo tangu miaka ya 1980 na sijui kwa nini bado tunabishana juu yake. Gesi nayo, usibebe mtungi kwa kuamini. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa juu yake. Kama ni ule wa kilo 13, ongeza 13, hiyo ndiyo kilo unayotakiwa kuisoma kwenye mizani ya muuzaji kabla hujatoa pesa.

Kununua kwa kadogo, kidogo kidogo kila siku, kunakumaliza pia. Mafuta unapimiwa kwa kikombe dukani jirani, maharagwe kwa gorogoro, ule mkebe wa kupimia, kila siku. Maharagwe na ndengu ni vitu vikavu, vinakaa: panda hadi Nyamakima kwenye maduka ya nafaka mara moja kwa mwezi, ununue gunia. Kama gunia ni kubwa kwako, yule mama jirani anayeuza githeri na wewe mnaweza kugawana, pamoja na nauli ya mkokoteni. Lakini usipatwe na wazimu wa jumla kama mimi. Wakati wa mvua za El Niño, mwishoni mwa 1997, niliona vitunguu soko la Marikiti kwa bei nzuri, nikabeba magunia mawili. Kibanda kilikuwa kinavuja. Kitunguu huanza kuoza ndani kikikucheka kwa nje, na nilipogundua kwa harufu, gunia moja na nusu lilikuwa limekwenda. Nyanya, sukuma na vitunguu nunua vya siku mbili, alfajiri, ukichagua mwenyewe.

Sasa pesa yenyewe. Wateja wanakutumia kwa namba yako ile ile unayolipia nauli, karo ya mdogo wako na harusi za watu. Jioni ukiuliza hoteli imeingiza ngapi, unakadiria. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na nina hakika aliyeisema alikuwa na hoteli. Chukua till, namba ya malipo ya biashara kwenye simu, wateja walipe huko, na wauzaji uwalipe kutoka huko huko, maana kila ukienda kwa wakala kutoa pesa taslimu kuna ada inakatwa. Wewe mwenyewe jilipe kila Jumamosi kiasi kimoja, kama mfanyakazi. Kikiisha Jumanne, utakula chapati zako.

Kwa wiki mbili andika kila shilingi inayotoka, hata ya kiberiti. Usibadilishe kitu, andika tu. Chakula unachowagawia marafiki zako wanaopita "kukusalimia" saa saba pia kiandike. Nilimwona mmoja akisalimia kwa sahani mbili.

Na mkopo wa simu, mama, huo ndio ulioniuma. (Nakuita mama kwa sababu una jina la mama yangu, na yeye hakuwahi kudaiwa na mtu.) Ukichukua 20,000 kwa ada ya asilimia 7.5 ya siku 30, umetoa 1,500, na mwezi unaofuata unarudi tena. Sacco nyingi, vile vyama vya akiba na mikopo, hutoza asilimia 1 kwa mwezi kwenye salio linalopungua: pesa hiyohiyo, mwezi wa kwanza ni 200. Najua Sacco itataka uweke akiba kwanza na wadhamini. Anza na zile 400 za chapati. Udhamini nitakupa mimi.

Kuna mahali usijaribu kubana. Leseni ya kaunti na vyeti vya afya vya wapishi usivicheleweshe. Kodi ya mauzo vilevile. Hesabu yako inapita milioni 2.8 kwa mwaka, na tangu 2023 wanaouza kati ya milioni 1 na milioni 25 hulipa asilimia 3 kila mwezi, kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Kwako ni kama 7,000. Itenge kila siku kwenye till, usiitafute tarehe 19 usiku. Na wapishi wako wale vizuri. Mpishi mwenye njaa huonja sana.

Wa kubeba chakula, waambie waje na bakuli lao, uwaongezee supu. Vile vikasha ni pesa, na supu ni maji yenye adabu.

Wale vijana wa mjengo wanaokula kwa deni sikuambii uwafukuze. Lakini kila mmoja awe na ukurasa wake, aweke sahihi, na Jumamosi wakilipwa uwe umesimama mlangoni mapema, kabla ya mwenye kilabu.

Jumatatu nitakuja na mizani yangu ya zamani, ile ya sahani nyekundu, uitumie mpaka ununue yako. Nitafika saa kumi na mbili asubuhi, kabla unga haujakandwa. Mwambie kijana asiogope. Na usinipikie kitu, nitanunua chapati mbili na maharagwe kama mteja, kwa till.

Mama yako