Ni kama tui la nazi

Umeuliza lava iliyotoka chini kabisa itajuaje habari za mabara. Onja tui la pili: utajua la kwanza limeshakamuliwa, hata kama hukuliona. Ganda la mabara ndilo tui la kwanza. Likitoka, huondoka na neodimiamu kwa wingi kuliko linavyoondoka na samariamu (zote mbili ni elementi za metali). Sehemu ya samariamu iliyobaki kwenye machicha, yaani mwamba uliobaki chini, inageuka polepole kuwa neodimiamu-143, aina moja ya neodimiamu. Lava ya baadaye ikitoka na ziada hiyo, ujue kule chini kulishakamuliwa.

Ndiyo maana komatiiti, yaani miamba ya lava ya kale, za Barberton, Afrika Kusini (jina ni la Mto Komati) zinapendwa. Zina miaka zaidi ya bilioni 3.2, na fuwele zake ndefu zimepandana kama majani makavu. Ganda la mabara lilikuwa kubwa kiasi gani wakati huo? Hapo wataalamu bado wanabishana.