Lokesheni ilikuwa sahihi, keki haikufika

Mi nauza keki za oda hapa Tabata, na zamani nilikuwa mbishi balaa kwenye kuelekezana. Mteja akianza tu "mwambie boda aje mpaka kwenye mwembe, aulizie kwa mama Chapati", namkatisha, nitumie lokesheni dada, tuache ushamba.

Jumamosi moja nikatuma keki ya bethidei Kigogo. Lokesheni imetulia, yani kidoti kimekaa juu ya bati la nyumba yenyewe. Boda kafika, simu inamwambia bado mita 40, mbele yake mfereji umefurika maji ya mvua na watoto wako ng'ambo wanampungia mikono 😂. Ikabidi azunguke mpaka kwenye kivuko, njia yote mashimo, keki inafunguliwa krimu imehamia kwenye kifuniko cha boksi. Nikarudisha hela. Kumbe mama Chapati anakaangia pale pale kivukoni, ndo maana dada wa watu alikuwa anamtaja. Na mwembe wenyewe ulishakatwa siku nyingi, haupo, ila mtaa mzima ukisema "kwenye mwembe" wanakuonyesha bila kufikiri.

Hata London alikuwepo jamaa aliitwa Harry Beck, mchoraji wa michoro ya kiufundi, mwaka 1931 akachora ramani ya treni za chini ya ardhi mistari yote imenyooka, vituo vya katikati kavitanua vya pembezoni kavibana, umbali wote uongo mtupu. Wakubwa wakaikataa kwanza, ilipochapishwa 1933 watu wakaigombania, maana abiria anataka kujua abadilishie wapi treni, barabara ya juu imepinda vipi haimhusu.

Sasa usije ukanielewa vibaya ukaenda kununua kiwanja kwa staili ya mwembe. Kaka yangu kanunua Chanika, mpaka wa kiwanja ni "kuanzia mnazi huu hadi mchongoma ule", leo jirani anasema mnazi uliotajwa ni mwingine, na kutwa wako ofisi ya serikali ya mtaa. Kwenye ardhi lete mpima, bikoni, yale mawe ya mpaka, zichimbiwe, hapo hata nusu mita ni ugomvi.

Siku hizi oda ikiingia naomba vyote, lokesheni ya kukadiria hela ya boda, na jina la yeyote anayekaanga kitu hapo jirani.