Ile 5 Imetoka Wapi? Kuchora Grafu za Mstari kwa Mambo Halisi

SWALI: Mwalimu, pokea salamu zangu. Huu ni mwaka wangu wa nne wa kufundisha hisabati katika shule ya sekondari. Nikiwaandikia wanafunzi wangu ubaoni y = 3x + 5, wanatengeneza jedwali, wanaweka nukta na kuchora mstari ulionyooka bila taabu yoyote. Juzi niliwapa habari ya tangi lenye lita 5 za maji ambalo linaongezewa lita 3 kila dakika, nikawaomba wachore grafu yake, wakaduwaa. Wengi waliandika y = 5x + 3, na wawili walichora picha ya tangi lenyewe. Tunahimizwa kutumia mifano ya maisha, nami nimeitumia, lakini naona imewachanganya zaidi. Nimekosea wapi?

JIBU: Mwalimu mwenzangu, asante kwa kuwataja hata wale waliochora tangi, maana wengi wetu huwa tunawaficha. Niruhusu nianze na hao wa y = 5x + 3, kwa sababu kosa lao lina mantiki yake. Mwanafunzi amesoma sentensi yako akakuta namba mbili, 5 ikitangulia na 3 ikifuata, naye anajua kwamba mlinganyo wa mstari una nafasi mbili za kujazwa, moja kabla ya x na nyingine baada ya alama ya kujumlisha. Akazipanga kama alivyokutana nazo. Maji hakuyafikiria hata kidogo. Kwake habari ya tangi ilikuwa mlinganyo uliovishwa nguo, na kazi aliyopewa ni kuuvua.

Kwa wiki mbili za mwanzo, jaribu kuandika y = 5 + 3x, yaani kwa mfuatano ambao mambo yenyewe yanatokea: kwanza kulikuwa na lita 5, kisha kila dakika ikaleta lita 3. Umbo lililozoeleka vitabuni litakuja baadaye na halitamdhuru mtu. Hata hivyo, hilo litapunguza makosa tu. Tatizo lenyewe ni kwamba mfano umekuja mwishoni, kama mtihani, baada ya kanuni kukaririwa, ilhali mfano ndio uliopaswa kutangulia na kanuni ikatokana nao. Hata historia iko upande huu: katika karne ya 14 msomi wa Ufaransa Nicole Oresme alikuwa tayari anaonyesha mwendo wa kitu kwa mistari wima iliyosimamishwa juu ya mstari wa muda, na kitabu cha mwanahisabati René Descartes kilichounganisha milinganyo na michoro kilitoka mwaka 1637. Mchoro wa jambo halisi uliitangulia y yetu kwa muda mrefu.

Mfano ninaoupenda kuliko yote hauhitaji zaidi ya rula na vikombe vya plastiki vinavyofanana, vile vinavyoingiana. Usiandike kitu ubaoni. Wape kila kundi vikombe vinne, wapime urefu wa kimoja, kisha wa viwili vilivyoingiana, kisha vitatu, kisha vinne. Tuseme wamepata sentimita 10, 11.5, 13 na 14.5. Hapo uliza: mnara wa vikombe 20 utakuwa na urefu gani? Atatokea atakayesema kwamba vinne ni sentimita 14.5, na 20 ni mara tano ya vinne, kwa hiyo jibu ni 72.5. Usimsahihishe. Mwache mwenzake amwonyeshe kwa mkono kwamba kikombe kinachoongezwa hakileti urefu wake wote, bali kinaleta ule ukingo tu unaobaki nje, sentimita 1.5. Hapo ndipo mteremko, yaani kiasi kinachoongezeka kwa kila hatua moja ya x, unapopatikana, tena kabla hujatamka neno mteremko, na kila mmoja ameuona ukiwa umekaa juu ya meza.

Sasa waweke nukta hizo nne kwenye karatasi ya grafu, idadi ya vikombe kwenye mhimili mlalo na urefu kwenye mhimili wima, kisha waegemeze rula juu ya nukta na kuirudisha nyuma hadi ikutane na mhimili wima. Itakutana nao kwenye 8.5. Waulize hiyo 8.5 ni ya nini. Ni swali gumu, kwa sababu mahali hapo hakuna kikombe hata kimoja, na mnara usio na kikombe hauwezi kuwa na urefu. Wape muda, hata kama darasa litakaa kimya. Mwishowe mmoja atakishika kikombe, atafunika ukingo kwa kidole na kusema kwamba 8.5 ni kiwiliwili cha kikombe bila ukingo, sehemu inayohesabiwa mara moja tu hata vikombe viwe vingi kiasi gani. Basi urefu ni 8.5 + 1.5x, na kwa vikombe 20 ni sentimita 38.5. Mwanafunzi aliyepita hapo hatauliza tena ipi inakwenda na x.

Mnara huo unafundisha na jambo jingine ambalo tangi lisingelifundisha. Je, nukta ziunganishwe? Hakuna vikombe viwili na nusu, kwa hiyo jibu sahihi la hali hiyo ni nukta zilizoachana. Mstari wa nukta nukta unaruhusiwa ili jicho lione uelekeo, lakini usidai kwamba kila sehemu yake ina maana. Kwenye tangi mambo ni tofauti, kwa sababu dakika mbili na nusu zipo na maji yake yapo, hivyo mstari unachorwa bila kukatika. Ila nao hauendi milele. Kama tangi linajaa likifika lita 80, mstari unakoma dakika ya 25, na baada ya hapo maji yanamwagika huku grafu ikilala. Mshumaa wa sentimita 20 unaopungua sentimita 2 kila saa utakupa mstari unaoshuka, na ukiwauliza urefu wake baada ya saa 12 watapata hasi 4, watacheka, na hutahitaji kuwahubiria kuhusu mipaka ya x.

Kuhusu mihimili, angalia kwa makini daftari zao, kwa maana kuna kosa linalojificha. Mwanafunzi anachukua thamani kutoka kwenye jedwali, tuseme dakika 0, 1, 2, 5 na 10 pamoja na lita 5, 8, 11, 20 na 35, kisha anaziandika kwenye mihimili yote miwili kwa kuacha mraba mmoja mmoja kati ya thamani na thamani. Mstari unatoka umenyooka kama uzi, nawe unampa alama. Kumbe kwa utaratibu huo hata namba zisizo na uhusiano wa mstari, mradi zinapanda tu, zingenyooka vilevile! Mwambie kila mraba uwe na thamani ileile kutoka mwanzo hadi mwisho wa mhimili. Mwambie pia aandike vizio, maana mteremko wa 3 peke yake hausemi kitu, ila lita 3 kwa dakika ni habari kamili.

Mifano mingi ya namna hii huishia kwenye robo moja ya karatasi, upande wa namba chanya. Ukitaka kuwapeleka kwenye namba hasi bila kubuni hadithi ya ajabu, tumia vipimo vya joto: nyuzi za Fahrenheit ni nyuzi za Selsiasi mara 1.8 kisha jumlisha 32. Maji huganda kwenye 0 ya Selsiasi, ambayo ni 32 ya Fahrenheit, na huchemka kwenye 100, ambayo ni 212, kwa kipimo cha usawa wa bahari. Nukta hizo mbili zinatosha kuchora mstari. Kisha waambie watafute mahali ambapo vipimo vyote viwili vinasoma namba ileile. Watalazimika kuurefusha mstari hadi hasi 40.

Na wale wawili wa picha ya tangi? Hao wanadhani grafu ni picha ya kitu, na ndio haohao watakaoona mstari unaopanda wa umbali na muda wakasema mtu anapanda mlima. Mtoe mmoja atembee kutoka ukutani kwa hatua za mwendo uleule, mwingine ahesabu sekunde kwa sauti, na wengine wachore umbali wake kutoka ukutani. Akisimama, mstari unalala. Akirudi, unashuka, ingawa sakafu haikuinama hata kidogo.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi. Tulining'iniza mizigo kwenye springi na kupima urefu wake, lakini nukta zangu hazikukaa kwenye mstari mmoja. Nizisogeze kidogo?

JIBU: Hapana, mwanangu, usiziguse. Rula yako ina alama za milimita na jicho lako halisomi vilevile kila mara, kwa hiyo nukta zilizopimwa kwa mkono huachana kidogo na mstari. Chora mstari mmoja ulionyooka unaopita karibu na nukta zote, nyingine zikibaki juu yake na nyingine chini, wala usiziunganishe moja kwa moja kama meno ya msumeno. Ikiwa nukta moja iko mbali sana na wenzake, rudia kupima mzigo huo. Na kama ni zile za mwisho, za mizigo mizito, ndizo zinazoacha mstari kwa pamoja, huenda springi imevutwa kupita uwezo wake: utoe mzigo uone kama inarudi kwenye urefu wake wa mwanzo. Isiporudi, andika hivyo katika ripoti yako, na mteremko utafute kwa nukta za mizigo midogo peke yake.