Msomaji Anauliza: Globu ya LED au Projekta Nzima?

SWALI: Ndugu Mhariri, nina gari dogo la Kijapani la mwaka 2005 ambalo taa zake za mbele hutumia globu za H4. Kila mwisho wa mwezi husafiri kutoka Morogoro kwenda Iringa, na mara nyingi usiku hunikuta Mikumi, ambako mwanga wangu ni hafifu kiasi kwamba namwona mnyama akiwa ameshaingia barabarani. Fundi mmoja ananishauri nifunge globu za LED. Mwingine anasema nifunge projekta za LED, yaani kifaa kizima chenye lenzi yake, ndani ya taa. Nimsikilize yupi, na dukani niangalie nini? — Msomaji wa Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, fundi wa pili ndiye aliye karibu na ukweli, lakini kabla hujamlipa fanya kwanza jambo la gharama ndogo. Taa za magari ya umri huo zimefunikwa kwa plastiki ambayo jua huigeuza kuwa ya njano na yenye ukungu, na ikishafikia hapo hata globu nzuri haisaidii. Isuguliwe kwa msasa laini wa maji, ing'arishwe, kisha ipakwe dawa ya kuikinga na jua. Halafu fundi umeme apime volti zinazofika kwenye soketi ya globu injini ikiwa inaunguruma, kwani waya uliochoka au eathi yenye kutu hula umeme njiani. Wapo wanaoishia hapo wakaridhika.

Ikiwa mwanga bado hautoshi, globu ya LED ndani ya taa yako ya sasa siipendekezi. Globu ya H4 ina nyuzi mbili, wati 55 kwa mwanga wa chini na wati 60 kwa full, na uzi wa mwanga wa chini umewekewa kikombe kidogo cha chuma ili kuzuia mwanga usiruke juu. Rifleketa, yaani bakuli linaloakisi mwanga lililo nyuma yake, imechongwa kwa kufuata mahali hasa uzi huo ulipo, kwa hiyo vipande vya LED vikisogea hata kwa milimita moja au mbili, mwanga hutawanyika, ukawapofusha wanaokuja mbele yako na kuacha giza kule mbali unakohitaji kuona. Mwenye gari hatambui, maana lami iliyo karibu na bampa inang'aa naye hudhani anaona vizuri.

Projekta huandaa mwanga wake yenyewe: LED imekaa ndani ya bakuli lake, mbele yake kuna kizuizi cha bati, kisha lenzi nene ya inchi 2.5 au 3. Ukingo wa bati hilo ndio unaochora mstari unaotenganisha mwanga na giza, na katika projekta zenye mwanga wa chini na full pamoja, sumaku ya umeme hulishusha bati unapowasha full.

Dukani, usivutwe na lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) zilizoandikwa kwenye boksi. Globu ya kawaida ya H4 hutoa takriban lumeni 1,000 kwa mwanga wa chini. Boksi linalodai lumeni 20,000 kwa taa inayokula wati 40 linakudanganya waziwazi. Mwombe muuzaji aiwashe mbele ya ukuta, uone kama mstari ni mkali na kama unapanda upande wa kushoto. Sisi huendesha kushoto kama Wajapani. Projekta iliyotengenezwa kwa nchi zinazoendesha kulia huinua mwanga upande wa kulia, yaani moja kwa moja machoni mwa dereva wa lori linalokuja, na hakuna marekebisho ya skrubu yatakayoliondoa kosa hilo. Kuhusu rangi, ambayo hupimwa kwa kelvini na huelekea buluu namba ikipanda, kelvini 4,300 hadi 5,500 zinatosha. Mwanga wa buluu hupendeza mjini, lakini kwenye mvua au ukungu wa Kitonga utaujutia. Angalia pia mgongo wa taa, kwa kuwa LED huchemka kwa nyuma: iwe na alumini ya kutosha, na kama ina feni, iwe mahali ambapo vumbi halitaiziba.

Kufunga projekta ndiko kunakoharibu kazi nyingi. Taa hupashwa joto ili gundi ilainike na kioo cha mbele, yaani ile plastiki, kitoke. Kikirudishwa kwa gundi hafifu, mvua ya kwanza itaacha mvuke ndani. Kazi ikikamilika, simamisha gari mita 10 kutoka ukutani, kwenye sakafu tambarare, matairi yakiwa na upepo sahihi na gari likiwa na mzigo wake wa kawaida. Mstari wa mwanga uwe sentimita 10 chini ya kimo cha katikati ya lenzi. Siku utakayojaza magunia nyuma, pua ya gari itainuka na mwanga nao utainuka, kwa hiyo ushushe kabla ya kuondoka.