Je, seli shina zinaweza kurejesha mbegu kwa mwanaume mwenye kromosomu XXY?

SWALI: Nina umri wa miaka 31 na nimeoa kwa miaka minne. Vipimo viwili vya shahawa havikuonyesha mbegu hata moja, na kipimo cha kromosomu kimeonyesha 47,XXY. Kliniki moja inasema itachukua seli shina (seli changa zinazoweza kukua kuwa seli za aina nyingine) kutoka kwenye uboho wa mfupa wangu wa nyonga na kuzidunga kwenye korodani ili zianze kuzalisha mbegu. Je, tiba hii ni ya kweli?

JIBU: Ndugu msomaji, najua majibu ya namna hiyo yanavyoelemea moyo, kwa hiyo nitakujibu bila kuzunguka. Hapana. Hadi sasa hakuna tiba ya seli shina iliyothibitishwa kuwa inarejesha mbegu kwa mwanaume mwenye hali yako, na ninakusihi usiilipie.

Hali hiyo inaitwa sindromu ya Klinefelter, na humpata takriban mtoto mmoja kati ya kila watoto wa kiume 600. Kwa kawaida mwanaume huwa na kromosomu X moja na Y moja; X ya ziada husababisha seli mama za mbegu zianze kupungua mtoto akiwa bado tumboni, na upungufu huo hushika kasi wakati wa balehe, ambapo mirija midogo ya korodani hukakamaa na kugeuka kovu. Kwa hiyo seli za kuzalisha mbegu zimepotea kwa wingi, na hata makazi yake yameharibika. Seli za uboho kazi yake ni damu, mfupa, mafuta na gegedu. Kuzidunga kwenye korodani hakuzigeuzi kuwa mbegu. Zaidi ya hayo, kwa kuwa zimetoka mwilini mwako, kwa kawaida nazo zimebeba X ile ile ya ziada.

Utafiti wa kweli upo, na huenda ndio unaotumiwa kukushawishi. Mwaka 2017, watafiti wa Taasisi ya Francis Crick, London, walichukua seli za panya tasa wenye XXY na kuzirudisha katika hali ya seli shina, na baadhi zikapoteza kromosomu ya ziada katika mchakato huo. Walizikuza, wakazipandikiza kwenye korodani za panya wengine, na kwa mbegu zilizopatikana wakazaliwa watoto wazima. Hata hivyo, baadhi ya panya waliopandikizwa waliota uvimbe. Njia hiyo haihusiani kabisa na kuchota uboho na kuudunga, na kwa binadamu bado haijazaa mtoto yeyote.

Usikate tamaa, kwa maana kutoonekana kwa mbegu kwenye shahawa si ushahidi kwamba hazimo ndani ya korodani. Daktari bingwa wa upasuaji hufungua korodani chini ya hadubini na kuipekua taratibu: mirija mingi huonekana myembamba na iliyosinyaa, lakini pengine katikati yake kuna michache minene, myeupe, iliyojaa, na hiyo ndiyo anayoikata ili maabara itafute mbegu. Katika hali yako, mbegu hupatikana kwa takriban wanaume wanne hadi watano kati ya kumi. Mbegu moja hudungwa ndani ya yai la mke, na watoto wengi waliozaliwa kwa njia hii wana kromosomu za kawaida. Hata hivyo, zungumzeni kwanza na mshauri wa jenetiki kuhusu uchunguzi wa viinitete, yaani mayai yaliyorutubishwa yanapoanza kukua.

Kuna jambo hukulitaja, nami naliona kuwa la haraka kuliko yote: je, umeanzishiwa testosteroni? Wenye hali hii wengi huihitaji, kwani hulinda mifupa na misuli, lakini testosteroni ya dawa huuambia ubongo upunguze homoni zinazoamsha korodani, hivyo inaweza kuzima hata uzalishaji mdogo uliobaki. Kama bado hujaanza, mwombe daktari wako wa homoni asubiri hadi upasuaji wa kutafuta mbegu ufanyike. Kama umeshaanza, usiiache mwenyewe. Mweleze kwamba mnatafuta mtoto, ili yeye apange namna na muda wa kuisimamisha.