Kadi ipo, taa inawaka, mtandao hamna

Niliitwa Mwanjelwa asubuhi moja ya Juni, kwenye fremu ya steshenari. Baridi ya Mbeya mnaijua. Vidole vilikuwa vimekakamaa hata kibodi siisikii.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hii mashine tangu uishike jana haioni mtandao."

Nikajifanya sijasikia hiyo "tangu uishike jana". Nikabadilisha kebo mara mbili, nikazima swichi ya mtandao, kile kiboksi cha kuunganishia kebo, nikaiwasha. Taa ya kijani kwenye tundu la kebo inawaka vizuri tu, na ndiyo iliyonipotezea saa nzima. Fundi mwenzangu, taa ile isikudanganye. Chipu inayoshughulika na waya inaweza kushikana na swichi hata kama draiva, programu inayoiendesha kadi, haijaigusa.

Mashine ni ya Linux, kwa hiyo ningeanza na `ip link`, amri inayoorodhesha njia za mtandao. Ikikuonyesha lo peke yake, ile ya mashine kuongea na yenyewe, achana na kebo, achana na IP, shida iko chini zaidi. Kisha `lspci -nnk`, inayoonyesha vifaa na draiva zake. Kwangu kadi ya mtandao ilionekana, 10ec:8168, Realtek ya kawaida iliyojaa kwenye kompyuta zetu za mtumba. Moduli ya r8169, yaani draiva yake, imetajwa, ila mstari wa draiva inayotumika haupo. Ama draiva haijapakiwa, ama imejaribu ikashindwa. `lsmod`, orodha ya moduli zilizopakiwa, ikasema imepakiwa. Basi imeshindwa.

Sasa `dmesg`, ujumbe wa keneli, kiini cha Linux. Wengi hukimbilia mstari wa kufeli wenye namba -49, wanaanza kuigugo. Panda mstari mmoja juu. Pale keneli ilikuwa imeandika wazi kwamba haikupata draiva ya PHY, ile chipu ya waya, na kwamba huenda realtek.ko, faili la moduli ya realtek, inatakiwa kuongezwa kwenye initramfs. Ningeusoma mapema, ningekuwa nimeshakunywa chai.

Kazi ya kadi hii imegawanywa: r8169 inaongea na kadi yenyewe, realtek inaongea na PHY. Initramfs ni kifurushi kidogo anachopewa keneli kabla diski kuu haijafunguliwa. Kwenye kifurushi changu r8169 ilikuwemo, realtek ilikuwa bado iko diskini. Ni kuinjika ugali huku unga uko mashineni. Diski ilipofunguliwa, hakuna aliyerudi kuijaribu kadi upya.

Kuthibitisha ni rahisi, itoe draiva kisha uzipakie kwa mpangilio: `modprobe -r r8169`, halafu `modprobe realtek`, halafu `modprobe r8169`. Kadi ikaamka papo hapo. Draiva ikikataa wakati wa kuwasha lakini ikikubali ukiipakia mwenyewe baadaye, acha kushuku kadi, shuku mpangilio wa kupakia. Usimuuzie mteja kadi mpya. Nimeona mafundi wakifanya hivyo, na kadi mpya ya aina ileile inakwama palepale.

Kwenye Debian niliongeza neno realtek ndani ya /etc/initramfs-tools/modules, nikaendesha `update-initramfs -u` ili kifurushi kiundwe upya.

Na nani aliitoa? Mimi. Jana yake nilipunguza kifurushi kile ili mashine iwahi kuwaka, nikaona jina realtek, nikadhani ni marudio ya r8169. Nikaondoka bila kuzima na kuwasha hata mara moja.

Safari hii nilizima na kuwasha mara tatu. Mama akauliza bei. Nikamwambia leo hakuna bei, mama. Akaniangalia, akacheka: "Nilijua tu."